Tangu Lini Ulijua? Maneno kabla ya senema

Maneno haya niliyasema Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu, usiku mmoja kabla ya senema kuanza. Nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyatamka.

Assalaam alaykum. Habari za jioni wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliokaa kwenye mikeka kwa kuwa viti vimekwisha.

Nimeombwa nizungumze juu ya senema za uhalifu, za zamani na za siku hizi, niseme zipi nizipendazo na kwa nini. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kusomesha Kiswahili na fasihi, kwa hivyo mtanivumilia nikizungumza kama mtu aliyeshika chaki. Lakini mapenzi yangu na jambo hili ni ya zamani kuliko chaki. Yalianza Wete, Pemba.

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, mama zetu walikuwa na senti mbili tatu za kwao wenyewe, za kuchambua karafuu. Siku ya onyesho la wanawake walivaa mabuibui yao wakatuchukua na sisi watoto. Tulikaa tumebanana, njugu zinapita mkono kwa mkono. Picha zilikuwa za Kihindi zaidi. Kihindi hatukukijua, lakini hapakuwa na aliyepotea njia: stelingi alijulikana, adui alijulikana. Jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima, alikuwa hawezi kunyamaza. Adui akijificha nyuma ya mlango, na stelingi akija zake anaimba, bibi yule husimama: "Mwanangu, usiingie! Yumo ndani huyo!" Na ukumbi mzima humwitikia. Stelingi huingia vilevile. Bibi hukaa akashika kichwa, kama kwamba mtoto wake wa kumzaa kakataa kumsikiliza.

Nilipokuja kuwa mwalimu, nikawa natafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi maana ya taharuki. Kitabu kilinipa maelezo ya mistari minne, na wiki ya pili hapakuwa na mtoto aliyeyakumbuka. Siku moja nikawahadithia habari ya bibi wa Wete. Hiyo hawakuisahau. Yeye anajua, stelingi hajui, na hana njia ya kumfikishia habari. Basi, taharuki ndiyo hiyo.

Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyehamia Marekani na kutengeneza senema huko mpaka uzeeni, alimweleza jambo hilihili mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut walipokaa kuzungumza mwaka 1962. Watu wawili wamekaa mezani, alisema, wanazungumza mambo yasiyo na uzito. Ghafla bomu linaripuka chini ya meza. Watazamaji wameshtuka, na mshtuko huo ni wa sekunde 15. Sasa chukua meza ileile na mazungumzo yaleyale, lakini kwanza waonyeshe watazamaji bomu, na saa ukutani. Mazungumzo yaliyokuwa hayana maana yanakuwa mazito, kila neno linawachoma, wanataka kupiga kelele: acheni maneno, ondokeni hapo! Umewapa dakika 15 badala ya sekunde 15.

Kwa hivyo mimi nikiangalia senema ya uhalifu, swali la nani kaua huwa silishughulikii sana. Nauliza nani anajua, na tangu lini anajua. Mwongozaji anayelijua jibu la swali hilo katika kila dakika ya filamu yake, huyo nampa saa mbili za maisha yangu kwa moyo mkunjufu. Asiyelijua atatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato katika senema hizi siku zote ni damu.

Nianze na ya zamani kuliko zote nitakazozitaja. Mwaka 1931, Ujerumani, Fritz Lang alitengeneza filamu ambayo jina lake ni herufi moja tu, M. Ni habari ya mtu anayewaua watoto wadogo. Nataka vijana mnaoshika kamera muniangalie hapa. Mauaji yenyewe hayaonyeshwi hata mara moja. Mama anapika, anatenga sahani ya mwanawe mezani. Anatazama saa. Anachungulia ngazini, anamwita, "Elsie!", ngazi tupu. Tunaona kiti kitupu na sahani tupu. Kisha kichakani mpira unabingirika mpaka unasimama wenyewe, na puto alilonunuliwa mtoto limenasa kwenye nyaya za juu. Basi. Miaka zaidi ya tisini imepita, na sijaona tone la damu la kompyuta lililonitia uchungu kama mpira ule.

Na anayemgundua muuaji ni nani? Kipofu. Muuza maputo asiyeona, aliyekwisha kusikia mbinja ya mteja mmoja siku mtoto alipopotea, na leo anaisikia mbinja ileile inapita njiani. Kila mtaa wetu una mtu wa namna hiyo, anayekujua kwa vishindo vya miguu kabla hujasema hodi. Lang aliufanya upofu kuwa ushahidi. Na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza yenye sauti! Wengine wakati ule walifurahia kwamba watu wa senema sasa wanasema. Yeye akauliza sauti inaweza kujua nini ambacho jicho halijui.

Nimetaja hodi. Hapo nina neno refu kidogo, kwa sababu kuna filamu ya Hitchcock ambayo naamini watu wa Mji Mkongwe tunaielewa kuliko Wamarekani walioitengeneza. Inaitwa Rear Window, ya mwaka 1954. Mpiga picha amevunjika mguu, yumo ndani na plasta yake, joto kali, madirisha yote ya uani yako wazi. Hana la kufanya ila kuwatazama majirani. Mmoja anacheza ngoma peke yake, mmoja anatunga muziki, mmoja anakula na mgeni asiyekuwepo. Na mmoja, mfanyabiashara, mkewe mgonjwa haonekani tena. Mpiga picha anaanza kushuku. Kamera haitoki chumbani humo isipokuwa mara chache sana. Tunajua kile tu anachokijua mtu aliyekaa dirishani.

Wanangu, haya ni maisha yetu. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba jirani akikaanga samaki unajua ni samaki gani. Madirisha yanatazamana. Bibi aliyekaa juu anajua nani katoka saa ngapi na karudi na kikapu cha rangi gani. Lakini sisi tuna adabu ambayo filamu ile inaihangaikia kwa muda wote wa saa mbili kasoro: haifai kuchungulia. Mtu huingia kwa hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Dini imetufundisha hivyo na wazee wametulea hivyo. Sasa ukichungulia ukaona jambo ovu, utasema uliliona wapi? Ukilisema, umejifichua wewe mwenyewe. Ukilinyamazia, mtu kafa bure. Katika filamu ile muuguzi anayemhudumia mgonjwa anamgombeza waziwazi kwa tabia hiyo ya kuchungulia, kisha na yeye anavutwa dirishani. Nimeiona mara nyingi na kila mara nafika pahala nikaona haya, kama kwamba nimekamatwa mimi. Filamu inayomfanya mtazamaji aone haya kwa kutazama kwake mwenyewe, hata pale anapotazama ushahidi wa mauaji, hiyo imefika mbali.

Psycho, ya mwaka 1960, nitaipita haraka kwa kuwa kila mtu anaizungumza. Ninachotaka mkijue ni hiki. Mwanamke ameiba dola 40,000, tumemfuata, tumemuogopea, tumeanza kumtakia salama ingawa ni mwizi. Kisha anauawa filamu haijafika nusu. Tuliiangalia kwa mkanda wa video nyumbani kwa jamaa, mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, chumba kimejaa, na jirani yetu mmoja akasimama akasema mkanda umeharibika, urudishwe dukani, stelingi hafi! Kwa watu wa umri wetu hiyo ilikuwa sheria kama jua kutoka mashariki. Hitchcock alijua anachokivunja, ndiyo maana aliagiza kwamba filamu ikishaanza asiruhusiwe mtu kuingia ukumbini. Na ile damu inayotiririka bafuni ni sharubati ya chokoleti tu, filamu yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Sitaki kusema zaidi.

Watu huniuliza, "Mwalimu, basi za siku hizi huzipendi?" Zipo nizipendazo mno. Lakini nitasema kinachonikera. Nyingi zimedhani kwamba mtazamaji wa leo ana macho tu. Zinamwonyesha maiti kwa karibu, kidonda kwa karibu, zikidhani akitapika ameguswa. Na jambo la pili ni simu. Zamani mtu akijua siri, ilimlazimu atembee nayo: apande gari, apige hodi, amkute mwenzake hayupo. Katikati ya kujua na kusema palikuwa na njia, na filamu nzima iliweza kuishi ndani ya njia hiyo. Leo kila mtu ana simu mfukoni. Mwongozaji mvivu anaimaliza chaji au anaondoa mtandao, na watazamaji wote wanajua kwa nini. Walio hodari wameifanya simu na kompyuta kuwa mashahidi. Filamu ya Searching, ya mwaka 2018, yote iko juu ya vioo vya kompyuta na simu. Baba anamtafuta binti yake aliyepotea kwa kufungua barua na akaunti zake, na kadiri anavyofungua anaona kwamba mtoto aliyekuwa akila naye meza moja hakumjua. Mzazi yeyote aliyeko hapa ataelewa kwamba hilo linatisha kuliko bunduki.

Sasa India, kwa kuwa huko ndiko tulikojifunzia senema. Awaara ya Raj Kapoor ilitoka mwaka 1951, na Visiwani iliendelea kupendwa miaka mingi. Watu wanakumbuka nyimbo na machozi. Mimi nawaambia itazameni tena kama filamu ya uhalifu. Hakimu anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo anamfukuza mkewe mja mzito. Mtoto wake mwenyewe anakulia mitaani, mikononi mwa jambazi, anakuwa mwizi, na siku moja anasimama kizimbani kwa kutaka kumuua hakimu. Sisi tunajua hawa ni baba na mwana. Hakimu hajui. Mama zetu pale Wete walilia kabla hakimu hajafumbua mdomo. Na baba yule aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor aliyemwigiza mwana.

Na ya siku hizi kutoka hukohuko, Drishyam. Ya asili ni ya Kimalayalam, mwaka 2013, aliigiza Mohanlal. Wengi wenu mmeiona ya Kihindi ya 2015 yenye Ajay Devgn. Mwenye kampuni ndogo ya kebo ya televisheni, aliyeishia darasa la nne, hana elimu ila ya kuangalia filamu usiku kucha ofisini kwake. Binti yake, katika kujitetea, anamuua kijana aliyekuwa akimtisha, na kijana huyo ni mtoto wa ofisa mkubwa wa polisi, mwanamke. Tunajua nani kaua, vipi, na usiku gani. Hatujui jambo moja tu, maiti iko wapi, na hilo mwandishi amelikalia mpaka dakika ya mwisho. Sitalisema, maana naona hapo mbele kuna ambao hawajaiona na wananiomba kwa macho. Mwenye kebo anaificha aila yake kwa kuwapandikizia watu kumbukumbu. Hakuwalipa wala hakuwatisha. Anazungumza nao tu, mara kwa mara, mpaka mwenye mgahawa na kondakta wa basi wanaapa kwa ukweli kwamba walimwona siku ambayo hawakumwona. Aliyeandika hivyo anajua jinsi mtaa unavyokumbuka.

Kuna moja ya Korea Kusini ambayo siwezi kuiangalia tena peke yangu. Memories of Murder, ya Bong Joon-ho, mwaka 2003. Imetokana na mauaji ya kweli ya Hwaseong, wanawake kumi, kati ya mwaka 1986 na 1991. Wapelelezi wa kijijini wanawakamata wanyonge wa kijiji, mmoja baada ya mmoja, wanawapiga mpaka wakiri. Mpelelezi mmoja anajigamba kwamba anaweza kumjua mhalifu kwa kumtazama usoni. Filamu inakwisha bila muuaji kupatikana. Miaka imepita, mpelelezi ameacha kazi, anarudi penye mtaro ilipookotwa maiti ya kwanza, na msichana mdogo anamwambia kuna mtu mwingine alikuja kutazama hapo siku si nyingi. Sura yake ilikuwaje? Ya kawaida, anasema mtoto. Ndipo mpelelezi anageuka, anatutazama sisi, moja kwa moja, macho kwa macho. Bong alieleza kwamba aliuweka mtazamo ule kwa kudhani kwamba muuaji huenda akaja kuiangalia filamu.

Siku za mwizi arubaini, tunasema. Huyu alipatikana mwaka 2019, kwa vipimo vya DNA, na kumbe tangu mwaka 1994 alikuwa gerezani kwa kumuua shemeji yake. Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Katika mauaji yale, moja lilikwisha kuhukumiwa zamani: kijana mmoja alikiri baada ya kuteswa na polisi, akakaa gerezani kiasi cha miaka 20. Mahakama ilimsafisha jina mwezi wa Disemba 2020. Filamu ilikuwa imekwisha kutuonyesha kipigo miaka 17 kabla ya hukumu hiyo, na wengi waliiona kama vichekesho vya polisi wajinga wa shamba. Nilicheka na mimi mara ya kwanza. Sikucheka tena.

Ndiyo maana siwezi kustahamili senema ambazo mpelelezi anapiga watu na muziki unampongeza. Zimejaa za Marekani, zimejaa za India, na sasa zinaingia kwetu. Tunatengeneza jambazi aliyevaa koti jeusi Dar es Salaam kwenye jua la Januari, ana bastola, ana walinzi wawili, na hakuna anayejua chochote ambacho mwingine hakijui. Wakenya walitupa mfano bora mwaka 2012, Nairobi Half Life ya David Gitonga. Kijana wa shamba anakwenda mjini kutaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ileile anayofika, na mwisho anaishi maisha mawili: mchana jukwaani, usiku na wezi wa vipuri vya magari. Kila upande hauujui wa pili. Na wanasema kama watu wa Nairobi wanavyosema.

Sisi hapa tulitangulia, wanangu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, aliandika riwaya ya upelelezi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960: Mzimu wa Watu wa Kale. Humo akamleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, na Inspekta Seif. Ndiyo, alimsoma Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na kiko kinasema hivyo. Lakini kile Bwana Msa anachokipekua hakitoki London. Ni nasaba, ni mirathi, ni nani alizaliwa na nani na nani alificha. Watu wanasingizia mizimu, yeye anatafuta binadamu. Nimezisomesha riwaya zake, nimeona darasa zima la watoto wa kidato cha tatu likigombana juu ya nani alijua na hakusema. Hamu yangu kubwa iliyobaki ni kumwona Bwana Msa kwenye kitambaa cheupe, anatembea mtaa wa Vuga, ameigizwa na mtu asemaye Kiunguja chake bila kuona haya.

Na zaidi ya yeye, tazameni mlichonacho. Kiwanja kilichouzwa mara mbili, na karatasi zote mbili zina mihuri. Nyumba ya mirathi, ndugu saba, na mmoja anayejua wosia ulipo. Karafuu za magendo zinazoshuka usiku bandari bubu ya Pemba kuelekea Mombasa, na kijiji kizima kimelala kwa makusudi. Mlango wa kale uliochongwa, umetoweka kwenye fremu yake asubuhi, na mtaa mzima haukusikia hata msumari. Hapo hapahitaji bastola. Panahitaji mwandishi awaketishe watu sita barazani, kahawa inapita, na yeye ajue kila mmoja wao anajua nini na tangu lini. Tunastiriana, na kustiriana ni kuzuri. Hadithi inaanzia pale sitara inapomgharimu mtu asiyehusika.

Senema ya usiku huu ni ya Akira Kurosawa, Mjapani, mwaka 1963. Kwa Kiingereza iliitwa High and Low, lakini jina lake la Kijapani maana yake ni Pepo na Jahanamu. Gondo, bwana wa kampuni ya viatu, nyumba yake iko kilimani, ameweka rehani kila alichonacho ili ainunue kampuni. Simu inalia: mwanao tunaye, tunataka yeni milioni 30. Yuko tayari kulipa. Kisha mwanawe anaingia mlangoni, mzima. Watoto walikuwa wakicheza wakabadilishana nguo. Aliyechukuliwa ni mtoto wa dereva. Na mtekaji, hata akijua amekosea, anataka fedha zilezile.

Karibu saa nzima hamtatoka sebuleni kwa Gondo. Msichoke. Wengi watakuwa wanamtazama yeye, atalipa au hatalipa, na polisi waliojificha chini ya madirisha, na mke anayeomba. Mimi nawaomba mumtazame dereva. Amesimama pembeni, kichwa chini, katika nyumba ya bwana wake, na hana anachoweza kusema. Hesabuni ni mara ngapi watu wa chumba kile wanasahau kwamba yupo.

Simu mzizime, tafadhali. Na wewe mwanangu uliyeko mlangoni, funga, kisha zima taa.